Bomba Linavuja: Nitengeneze Mwenyewe au Nimwite Fundi?

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matengenezo ya mabomba nyumbani

Nitajuaje kama kazi hii ni yangu au ni ya fundi?

Wengi huanza kwa kujiuliza kama kazi ni ngumu. Mimi ningeanza kwingine: nikikosea, maji yatakwenda wapi, na nitaweza kuyafunga? Ukibadilisha washa ya koki ya sinki, yaani kile kiraba cha ndani kinachozuia maji, na bado ikatona, unafunga maji, unatega ndoo, unaanza upya. Umepoteza muda na washa moja. Lakini kiungo kilichokazwa vibaya ndani ya ukuta kinaweza kuvuja kidogokidogo kwa miezi kabla rangi haijaanza kubabuka, na siku utakapokigundua plasta itakuwa imeshalowa, nondo zimeanza kushika kutu, na anayekaa chini yako ana dari yenye madoa.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni hiki. Kazi unayoiona yote kwa macho, unayoweza kuifungia maji kwa mkono wako, na ambayo ikiharibika itaharibu kitu kimoja tu, ifanye mwenyewe. Kazi iliyofichika ukutani au chini ya sakafu, inayogusa gesi, hita, maji taka ya nyumba nzima au bomba mnalotumia pamoja na majirani, mpe fundi bomba. Ugumu wa kazi unakuja baada ya hapo. Kuna kazi nyepesi zenye hatari kubwa, na kuna nyingine zinazochosha mikono tu na haziwezi kumdhuru mtu.

Nianze na nini kabla sijagusa chochote?

Tafuta koki kuu. Fanya hivyo leo, wakati hakuna kinachovuja. Mara nyingi huwa karibu na mita au pale bomba linapoingia nyumbani. Nyumba yenye tangi la juu huwa na koki nyingine chini ya tangi, na ukifunga moja, maji ya upande wa pili yanaendelea kuja. Watu wengi hulijua hilo wakiwa tayari wamesimama kwenye maji.

Ukishaipata, ifunge kisha fungua koki za jikoni na bafuni uone kama maji yanakatika kweli. Geti valvu, ile koki kuu ya kuzungusha kwa gurudumu, iliyokaa miaka bila kuguswa hukwama, au hufunga nusu. Usiilazimishe kwa spana ndefu, maana shina lake linaweza kukatika ndani ukabaki na maji yasiyofungika. Valvu kama hiyo ni kazi ya fundi, na ningeiweka mbele ya matengenezo mengine yote ya nyumba, hata kama hakuna tone linalodondoka. Waonyeshe wote unaoishi nao ilipo na inavyofungwa.

Koki inatona usiku kucha. Naweza kuiacha kwa muda?

Unaweza, lakini piga hesabu kwanza. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukua tone lenye robo ya mililita, hayo ni zaidi ya lita 21 kila siku, na kwa mwaka yanapita lita 7,800. Ikiwa ni koki ya maji ya moto, unalipia na joto lake.

Hii ndiyo kazi ninayomshauri kila mtu ajifunzie. Funga maji, kisha fungua koki ili yaliyobaki kwenye bomba yatoke. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu skrubu ya koki ina tabia ya kudondokea humo. Fungua kichwa cha koki, toa shina lake, na mwishoni utaona kile kiraba kidogo cha mviringo, washa. Nenda dukani ukiwa na ile ya zamani mkononi, kwani tofauti ya milimita moja inatosha kukurudisha. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye sehemu ya shaba ambayo washa huikalia. Ikiwa imechimbika au ina mikwaruzo, washa mpya itakatika upesi na koki itaanza kutona tena. Hapo koki nzima inahitaji kubadilishwa.

Koki za kisasa za mkono mmoja hazina washa ya aina hiyo, zina katriji, kipande kizima cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Katriji haitengenezwi, hutolewa yote na kuwekwa nyingine ya aina ileile.

Choo kinavuja au ni masikio yangu?

Weka rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi la choo, usivute maji, subiri kama nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mara nyingi mpira wa chini ya tangi haufungi vizuri. Kama unasikia maji yakiingia bila kukoma, tazama pia boya: huenda limepanda mno na maji yanamwagikia kwenye bomba la katikati. Vyote viwili unaweza kuvirekebisha mwenyewe, na maji ya tangi ni safi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kuingiza mkono.

Choo kinachovuja sakafuni, pale kinapokutana na simiti, ni jambo tofauti. Hayo yanaweza kuwa maji machafu yanayotoka kwenye kiungo cha chini. Kitatakiwa kung'olewa, na kikirudishwa bila kukaa sawa kitaendelea kuvuja mahali usipopaona. Mwite fundi.

Sinki limeziba. Nimwage dawa ya kuzibulia?

Hapana. Anza na pampu ya mpira ya kuzibulia. Hakikisha maji yamefunika mdomo wake, ziba tundu dogo la juu ya sinki kwa kitambaa kilicholowa, kisha sukuma na kuvuta kwa nguvu mara kadhaa. Bila kuziba tundu hilo, hewa yote hupitia huko na unajichosha bure. Kama haikutosha, weka ndoo chini na ufungue kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki, ambacho mafundi hukiita trapu. Uchafu mwingi wa jikoni na nywele za bafuni hukwama humo humo. Toa, osha, rudisha. Hakikisha tu raba zake zimekaa pale zilipokuwa.

Dawa kali za kuzibulia huwa na magadi makali ya viwandani au asidi. Zisipozibua, na mara nyingi hazizibui mafuta yaliyoganda mbali, unabaki na sinki lililojaa kimiminika kinachoweza kuunguza ngozi na macho. Sasa pampu haitumiki tena, kwa sababu itakurushia usoni. Trapu nayo haifunguliki salama. Tena usithubutu kuchanganya dawa mbili: asidi ikikutana na blichi hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu hata kwa kiasi kidogo. Ikiwa umeshaimwaga dawa, mwambie fundi kabla hajaanza kazi. Ukimficha, unahatarisha macho yake.

Sinki, choo na bafu vyote vimeziba siku moja. Nizibue kimoja kimoja?

Usijisumbue. Kikiziba kimoja, tatizo liko karibu nacho. Vikiziba vyote, au ukivuta choo maji yakapanda bafuni, tatizo liko kwenye bomba kuu la maji taka au chemba ya nje, lile shimo la kukagulia mabomba ya maji taka. Acheni kutumia maji nyumba nzima na mwite fundi mwenye vifaa vya kuzibulia masafa marefu.

Bafu linanuka lakini halijaziba. Kwa nini?

Huenda trapu imekauka. Kile kipinda cha bomba hubaki na maji kidogo kila mara, na maji hayo ndiyo kizuizi kati ya chumba chako na gesi za mfereji wa maji taka. Wazo hilo lina umri mkubwa: mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskoti, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda namna hiyo. Bafu lisilotumika kwa wiki nyingi, au tundu la sakafuni lisilopata maji, hukauka. Mwagia maji, ngoja kidogo, na mara nyingi harufu hukata.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu hulichukulia kuwa ni kero ya pua tu. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, zaidi ya wakazi 300 wa majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa, na wachunguzi walihitimisha kuwa trapu za sakafuni zilizokauka zilichangia, kwani feni za bafuni zilivuta hewa chafu kutoka kwenye mabomba. Ukimwaga maji na harufu ikarudi baada ya siku moja au mbili, trapu imepasuka, maji yake yananyonywa, au haikuwekwa kabisa. Hapo aje fundi.

Naweza kubadilisha hozi na kukaza viungo mwenyewe?

Ndiyo, ukizingatia mambo machache ambayo wengi huyakosea. Tredi tepu, ile nyeupe ya kuzibia nyuzi za kiungo, huzungushwa kufuata upande wa kukazia, mizunguko mitatu hadi mitano. Ukiizungusha kinyume, itajikusanya na kutoka unapokaza. Hozi yenye raba yake ndani ya nati haihitaji tepu hata kidogo, kwa sababu raba ndiyo inayozuia maji. Nati za plastiki kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha ongeza robo mzunguko tu kwa spana. Wanaovunja vitu wengi ni wale wanaodhani kiungo kinachovuja kinahitaji nguvu zaidi.

Kukata na kuunga bomba lenyewe ni hatua nyingine. Bomba la PVC lililo wazi, la maji machafu ya sinki, unaweza kulijaribu: kata sawasawa bila mshazari, ondoa vinyweleo vya plastiki, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha kidogo na ushikilie. Halafu heshimu muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo. PPR, bomba la plastiki linaloungwa kwa kuyeyushwa, hutaka mashine yenye joto la karibu 260°C, na kiungo chake hakifunguliki tena. Plastiki ikipashwa kupita kiasi, hubonyea ndani na kupunguza njia ya maji, nawe nje huoni kitu. Shaba huungwa kwa moto, na moto karibu na mbao au nyaya si mahali pa kujifunzia. Na ukiunga shaba moja kwa moja na bomba la chuma lenye zinki, lile la chuma huliwa na kutu haraka kuliko kawaida.

Hita ya maji je?

Kugeuza kidhibiti cha joto, sawa. Zaidi ya hapo, fundi. Hita ya tangi ni chombo kilichofungwa chenye maji, presha na umeme au gesi kwa pamoja. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ujazo takriban mara 1,600, na ndiyo maana kila tangi lina valvu ya usalama. Nyingi hutengenezwa zifunguke joto likikaribia 99°C au presha ikizidi kiwango. Valvu hiyo ikianza kudondosha maji, baadhi ya watu huifunga kwa kizibo ili isilowanishe sakafu. Naomba usifanye hivyo kamwe. Zima hita, mwite fundi.

Kuhusu joto, 60°C ndani ya tangi huzuia bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia kali, wasizaliane, lakini maji hayohayo huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, na ya mtoto haraka zaidi. Nyumba yenye watoto au wazee inafaa iwe na valvu ya kuchanganya maji bafuni.

Na gesi?

Usiguse. Hita ya gesi iliyofungwa vibaya hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu hufariki wakiwa wamelala. Nchi nyingi huruhusu kazi hii kwa mafundi wenye leseni pekee.

Naweza kushuka kwenye chemba au shimo la maji taka kuona kilichoziba?

Hapana, hata kwa dakika moja, hata kama linaonekana tupu. Ndani kuna salfaidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi hukufisha uwezo wa kunusa kabla haijakuangusha. Unadhani imekwisha, kumbe imeongezeka. Tena mara nyingi hafi mmoja: wa kwanza huanguka, wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Mtu akidondoka humo, usimfuate. Ita kikosi cha uokoaji chenye mitungi ya hewa.

Kuunganisha hozi ya bustani au pampu kwenye bomba kuna ubaya gani?

Presha ikishuka ghafla, maji yanaweza kurudi nyuma. Hozi iliyozama kwenye ndoo ya dawa au beseni la maji machafu huweza kunyonya vilivyomo na kuvipeleka kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1933 jijini Chicago, mabomba yaliyoungwa vibaya katika hoteli mbili yalichanganya maji taka na maji ya kunywa, ukazuka ugonjwa wa kuhara damu wa amiba, na watu 98 walifariki. Hakuna aliyekusudia. Hozi isizame kamwe, na kiungo chochote kati ya maji safi na kitu kingine kiwekwe na fundi pamoja na valvu ya kuzuia maji yasirudi.

Bomba limepasuka sasa hivi. Nifanye nini?

Funga koki kuu. Zima hita. Fungua koki ya chini kabisa nyumbani ili maji yaliyobaki yatokee huko badala ya kwenye ufa. Maji yakikaribia soketi, kata umeme kwenye swichi kuu, ila tu kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama sivyo, tokeni nje na mpige simu kwa shirika la umeme. Ukanda wa raba uliobanwa kwa klampu unaweza kuzuia ufa mdogo hadi fundi afike. Hayo si matengenezo, na usije ukayaacha yakawa ya kudumu.

Nikifanya mwenyewe naokoa pesa kweli?

Kwa washa, boya na trapu, ndiyo, na unaokoa siku nzima ya kumsubiri mtu. Kwa kazi inayohitaji kifaa utakachokitumia mara moja tu, hesabu hubadilika. Jumlisha kifaa, vipuri utakavyonunua vikakosea kipimo, na siku ambazo nyumba itakaa bila maji. Kisha jiulize gharama ya kukosea. Bima za nyumba nyingi zina masharti kuhusu uharibifu uliotokana na kazi ya asiye fundi. Soma mkataba wako kabla, si baada. Fundi anayeitwa kumalizia kazi iliyoharibika pia hulipwa zaidi, na ni haki yake, kwa kuwa anaanza kwa kubomoa.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: muulize fundi kama unaweza kuchimba mtaro, kutoa kabati au kununua vifaa mwenyewe kwa orodha yake, naye aunge tu.

Mimi ni mpangaji. Je?

Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi kwanza, ukiambatanisha picha. Funga maji ukilazimika, lakini usibadilishe mabomba yake bila idhini.

Nitamtambuaje fundi wa kuaminika?

Msikilize anavyouliza. Fundi mzuri huuliza tatizo lilianza lini, linatokea wakati gani, koki kuu iko wapi, mabomba ni ya aina gani. Anayetaja bei kwa simu kabla ya kuona anabahatisha, au ataongeza baadaye. Omba makadirio yaliyoandikwa, vifaa peke yake na ufundi peke yake, na mkubaliane nani ananunua vifaa. Uliza kama ana leseni pale sheria inapoitaka, na kama atarudi bila malipo kiungo kikivuja ndani ya muda mtakaokubaliana. Lipa malipo ya awali ya vifaa, bakiza ya ufundi hadi mwisho. Ongea na mtu aliyemfanyia kazi mwaka jana, si wiki iliyopita. Viungo vibaya huchukua muda kujitangaza.

Fundi amesema amemaliza. Nikague nini kabla ya kumlipa?

Kama bomba linapita ukutani, usikubali ukuta uzibwe kabla maji hayajafunguliwa kwa presha kamili na viungo kukaguliwa. Piga picha za mabomba yakiwa wazi, ukiweka futi ya kupimia kando yake; zitakusaidia siku utakapotaka kutoboa ukuta huo kutundika kitu. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, kwani huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Jaza sinki hadi juu kisha liachie lote kwa mkupuo, maana kiungo cha maji machafu kinaweza kutulia kwa maji kidogo na kuvuja yakija mengi. Omba uone vipuri vilivyotolewa.

Mwisho, funga koki zote za nyumba, hakikisha hakuna choo wala tangi linalojaa, na uandike namba za mita pamoja na zile nyekundu za mwishoni. Subiri saa moja bila mtu yeyote kutumia maji, usome tena. Mita ikiwa imesogea, maji yanatoka mahali fulani, na fundi bado hajamaliza.